R80 G/S ya mzee: kabureta mbili zilizokuwa hazielewani, na kwanini Arusha ilisingiziwa

Wakuu hiki ni kisa kizima cha pikipiki moja, naandika kirefu makusudi kwasababu nimechoka kuona pikipiki za zamani zenye kabureta mbili zinauzwa bei ya chuma chakavu kwa shida ambazo zinatibika kabisa.

Pikipiki yenyewe ni BMW R80 G/S ya 1982, zile ambazo silinda zimechomoza nje moja kulia moja kushoto, cc 798, nguvu farasi 50. Model hii ilitoka 1980 na zilizoboreshwa kwa mashindano ndo zilimpa Hubert Auriol ushindi wa Paris–Dakar 1981, kwahiyo ni mashine iliyozaliwa kwa ajili ya vumbi la Afrika, sio pambo. Kila silinda ina kabureta yake ya Bing ya milimita 32. Hii ya kwetu ililetwa na msafiri miaka mingi iliyopita, akaiuza Tanga, ikanunuliwa na mzee mmoja ambaye sasa ni mstaafu na amehamia Arusha akaja nayo.

Malalamiko ya mzee yalikuwa hivi. Sailensi (yaani injini kunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta) haikai, ukiachia mafuta inazima au inabaki inanguruma juu juu. Ikishuka mteremko upande wa kushoto ekzosi inapiga risasi. Inatoa moshi mweusi. Resi (mizunguko ya injini kwa dakika) zikifika kama 3000 inatetemeka mpaka mikono na miguu inakufa ganzi. Na inakula mafuta, mzee alikuwa anapata kama kilomita 11 kwa lita, wakati hii mashine kwa mwendo wa kawaida inatakiwa itembee 17 mpaka 20.

"Mwanangu, Tanga ilikuwa inakwenda vizuri tu," akaniambia, "nimeipandisha huku imekuwa mgonjwa, wote wananiambia ni hewa ya Arusha, kabureta haziiwezi."

Nikamwambia shikamoo mzee, maneno nimeyasikia, ila naomba tusifungue kabureta leo.

Sasa hapo kwenye hewa ya Arusha tukae kidogo, maana kuna ukweli ndani yake na ndo maana watu wanapotea. Tanga ni usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama mita 1,400. Kwa kimo hicho hewa inakuwa nyepesi kwa kama asilimia 13 hivi, na kabureta ya kawaida kwakuwa haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi inaendelea kumwaga mafuta, mchanganyiko unakuja kuzidi mafuta kwa kama asilimia 7. Nguvu nayo inashuka, zile farasi 50 unabaki na kama 43 au 44, hilo hakuna tyuning itakayolirudisha. Kwahiyo ndio, pikipiki iliyotyuniwa pwani ikipanda huku itakuwa nzito kidogo, itakula mafuta kidogo, plagi zitakuwa nyeusi kidogo.

Lakini hewa ya Arusha haichagui upande. Ikiwa ni mwinuko basi silinda zote mbili zitaugua ugonjwa uleule kwa kiasi kilekile. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa tulichofanya ni kuchomoa plagi zote mbili na kuziweka juu ya kitambaa, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Ya kulia ilikuwa nyeusi ya masizi makavu, ukiigusa kidole kinachafuka. Ya kushoto ilikuwa nyeupe kama chokaa na ukingoni imeanza kuchomeka. Najua petroli ya siku hizi haina risasi (ile madini ya lead) na rangi ya plagi haisomeki vizuri kama zamani, zile kahawia safi hazionekani tena, lakini nyeusi upande mmoja na nyeupe upande mwingine hiyo haihitaji macho ya kitaalamu. Upande mmoja mafuta yamezidi, upande mwingine hewa imezidi. Mwinuko hauwezi kufanya hivyo hata siku moja.

Tukafanya na kipimo kingine ambacho hakina gharama. Injini ikiwa baridi kabisa, washa, na ndani ya dakika ya kwanza dondosha tone la maji kwenye bomba la ekzosi karibu na silinda, kulia na kushoto. Kulia tone lilichemka na kupotea papo hapo. Kushoto likateremka tu kama limedondoka kwenye bomba la jikoni. Maana yake kwenye sailensi silinda ya kulia ilikuwa inabeba mzigo peke yake, ya kushoto inashika mara moja inaacha mara mbili. Tukahakikisha kwa kuzima upande mmoja mmoja. Hapa naomba mzingatie, kwenye hizi za kuanzia 1981 zenye ignishen ya elektroniki usichomoe waya wa plagi ukauacha unaning'inia hewani injini ikiwa inazunguka, moto unaokosa pa kwenda unaweza kuua koili au ile kontrol ya ignishen na hicho kifaa sio cha kuokota dukani. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye kofia ya waya, na ifunge kwa waya ishike chuma cha injini vizuri ndo uwashe. Ukizima kushoto injini iliendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ukizima kulia inakufa.

Sasa fundi aliyepita alikuwa ameshaona hiyo sailensi haikai akafanya kile ambacho ukizoea Boxer au TVS unakifanya bila kufikiri, akapandisha skrubu ya sailensi. Kwenye kabureta moja hiyo ni sawa, ina skrubu moja ya sailensi na moja ya mchanganyiko, unasikiliza mlio unamaliza kazi. Kwenye kabureta mbili kila skrubu ina mwenzake upande wa pili, na ukimgusa mmoja umemwacha mwingine nyuma. Simlaumu, pikipiki za namna hii zinapita mikononi mwa mafundi wachache sana huku kwetu na hakuna anayefundishwa chuoni. Ila tulipohesabu skrubu za mchanganyiko tukakuta ya kushoto imefunguliwa karibu mizunguko mitatu, na ya kulia imefungwa mpaka mwisho. Hizo namba mbili zilinieleza kisa chote hata kabla sijashika spana. Mtu alikuwa anajaribu kuongeza mafuta kushoto ambako kuna hewa inaingia sehemu nyingine, na kupunguza mafuta kulia ambako kuna mafuta yanaingia sehemu nyingine. Kwenye hii Bing ukifunga skrubu ya mchanganyiko unapunguza mafuta, ukifungua unaongeza, na mahali pa kuanzia ni kama mzunguko mmoja kutoka ilipofungwa. Ukiona skrubu imeenda mbali sana na hapo jua kuna kosa jingine linafichwa, na kazi yako ni kulitafuta hilo kosa.

Kwahiyo tukaanza mbali na kabureta. Tapeti kwanza, yaani nafasi za valvu, injini ikiwa baridi, imelala usiku mzima. Kwenye hii ya 800 nafasi ni milimita 0.10 valvu ya kuingiza na 0.20 valvu ya moshi. Kulia zote zilikuwa karibu sawa. Kushoto ya kuingiza ilikuwa sawa, ya moshi fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.10 ilikataa kupita, ya 0.05 ikapita kwa kulazimisha. Hapo napenda kukaa kidogo kwasababu ni kitu kinachoua hizi injini taratibu bila kelele. Watu wanaogopa tapeti zinazogonga, lakini tapeti inayogonga inakuambia iko wapi, tapeti iliyobana inanyamaza. Injini nyingi za zama hizo ziliundwa wakati petroli ina risasi, ile risasi ilikuwa inalinda siti ya valvu, na tangu petroli ya risasi iondolewe Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006 valvu ya moshi kwenye injini kama hizi inaweza kuzama kidogo kidogo ndani ya siti yake, kila inavyozama nafasi inapungua, mwisho valvu haifungi vizuri injini ikipata moto, kompreshen inatoroka na valvu yenyewe inaungua. Na silinda yenye valvu isiyofunga haiwezi kutyunika, unaweza kuzungusha skrubu mpaka jua lizame. Tukairudisha 0.20, tukazungusha injini kwa mkono tukapima tena, na nikamwambia mzee hiyo ya moshi kushoto aipime mara kwa mara, kama inaendelea kubana ndani ya kilomita chache basi hedi itabidi ikafanyiwe siti mpya, hakuna njia ya mkato.

Ignishen tuliipitia haraka, taa ya taimingi kwenye kile kitundu cha upande wa kushoto wa injini, ukivuta resi alama ya F inatakiwa iingie katikati na itulie, ikaingia na ikatulia. Kompreshen pande zote mbili baada ya tapeti zilikuwa karibu sawa. Eakilina ilikuwa na vumbi jekundu la kutosha, tukaweka mpya. Tukaendelea.

Kushoto tukaanza na ule mpira unaounganisha kabureta na silinda hedi. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa, mweusi, unang'aa, mtu alikuwa ameupaka mafuta. Tukawasha injini, nikachukua ile chupa ya kunyunyizia maji wanayotumia saluni, nikanyunyizia maji kuzunguka mpira pole pole. Upande wa juu hakuna kitu. Upande wa chini, pale ambapo klempu inakaa na macho hayafiki, maji yalipogusa tu resi zikabadilika, injini ikashusha pumzi, kisha ikarudi kama ilivyokuwa. Wengine wanatumia spray ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki, inafanya kazi lakini mnanyunyizia kitu kinachowaka juu ya ekzosi ya moto, maji yanatosha. Tulipoufungua mpira na kuukunja kwa vidole ukafunguka mpasuko mrefu kama ukucha wa kidole gumba, ndani umekauka kama ngozi ya zamani. Miaka yote ile ya jua na chumvi ya Tanga. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupita kwenye kabureta, ndo weupe wa plagi, ndo risasi za ekzosi kwenye mteremko.

Na nisisitize hapa kwasababu nimeshauona huu mtego, msikate kipande cha mpira wa rejeta ya gari mkafunga hapo. Unaingia vizuri, unabana vizuri, lakini mpira wa rejeta umetengenezwa kwa maji ya moto sio petroli, ukikutana na petroli unavimba, unalainika, na baada ya muda vipande vinaanza kuingia kwenye injini. Mipira halisi tuliagiza Ujerumani pamoja na vitu vingine nitakavyovitaja, ikaja na mtu aliyekuwa anasafiri. Tulibadilisha yote miwili, maana wa kulia ni umri uleule.

Kulia sasa, upande wenye mafuta mengi. Hizi Bing zina kitu kizuri sana, bakuli la chini halina skrubu, limeshikwa na waya wa springi, unausukuma pembeni bakuli linadondoka mkononi na petroli yake. Kwahiyo kipimo ni rahisi, acha injini isimame wima sailensi kidogo, zima, funga koki, toa bakuli zote mbili bila kumwaga, weka juu ya meza iliyonyooka na pima kimo cha petroli kwa rula ya shule. Kushoto ilikuwa milimita 24, ambayo ndo inatakiwa. Kulia 29. Ukizitazama tu bakuli mbili zikiwa zimekaa pamoja tofauti inaonekana bila rula. Petroli ikiwa juu kiasi hicho inafyonzwa kirahisi kwenye kila mzunguko, kuanzia sailensi mpaka resi kubwa, na pikipiki ikilala kwenye stendi ya pembeni inadondosha.

Mtu wa haraka hapo anakunja ulimi wa floti (lile boya linalofunga petroli bakuli likijaa) kushusha kimo na anaondoka. Sisi tulijiuliza kwanini imepanda wakati hakuna aliyekunja. Sindano ya floti ilikuwa safi, siti yake safi. Tukazitoa floti zote mbili, zile nyeupe, tukazikausha, tukaenda nazo kwa sonara mtaa wa pili akatupimia kwenye mizani yake ya dhahabu, ya kulia ilikuwa nzito kuliko ya kushoto kwa gramu 3. Floti hizi zimetengenezwa kwa kitu kama povu gumu, miaka ikienda zinaanza kunywa petroli, zinakuwa nzito, zinazama, na floti iliyozama haifungi mafuta kwa wakati. Ungekunja ulimi leo ungekuta baada ya miezi floti imekunywa zaidi umerudi palepale. Hizo nazo zikaja mpya, zote mbili.

Na bado kulia kulikuwa na kitu cha pili. Waya wa choki wa upande huo ulikuwa umekazwa mno, kiasi kwamba hata ukirudisha wenzo wa choki kabisa, mkono mdogo kwenye kabureta haufiki kwenye kituo chake, unabaki umesimama juu kwa upana wa kiberiti. Choki ya kulia haijawahi kufunga tangu huo waya uguswe. Tuliulegeza mpaka ukawa na ulegevu kidogo mkono ukafika kituoni. Kwenye hizi kabureta tukio jingine la kuangalia ni kama mtu amefungua vile vifuniko vya choki pembeni na kuchanganya kulia na kushoto, vyuma vya ndani vina herufi L na R na vikibadilishana choki inafanya kazi kinyume. Vya mzee vilikuwa sahihi, havikuwa vimeguswa.

Diaframu (zile ngozi za mpira zinazoinua slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka kwenye njia ya hewa) tulizitoa tukazinyoosha mbele ya taa ya simu gizani, hazina tundu. Ukirudisha, inua slaidi kwa kidole mpaka juu kisha iachie, inatakiwa ishuke taratibu bila kukwama na imalizie na mlio mdogo wa tok. Zote zilimaliza sawa. Jeti (vile vitundu vya kupitisha mafuta) tukazipuliza kwa hewa na kuziloweka, hatukupitisha waya wa chuma kwenye tundu lolote, jeti ni shaba laini na ukiikwaruza umeibadilisha namba bila kujua. Jeti ndogo zilikuwa 45 pande zote. Ila zile jeti ambazo sindano inapanda na kushuka ndani yake, zetu zilikuwa zimeandikwa 2.66, ukizitazama kwa lenzi tundu halikuwa duara tena, lilikuwa yai, sindano imelila upande mmoja kwa kutikisika miaka yote hiyo. Kote kulia na kushoto. Jeti kama hii ndo inakula mafuta yako kimya kimya kwenye mwendo wa kawaida wa barabarani, maana ukiwa unatembea robo mpaka nusu ya mkono wa mafuta, yeye ndo anaamua. Tukaweka mpya, na sindano mpya.

Hapo ndo tukafika kwenye tyuning yenyewe, na mnaona tumetembea mbali kiasi gani kabla ya kugusa skrubu hata moja.

Tulitengeneza kipimo kwa ule mpira mweupe wa levo wanaotumia mafundi uashi, kama mita nne, tukaupinda ukawa herufi U, tukaufunga kwenye ubao mrefu na kuujaza oili ya tustroki mpaka kama nusu ya mikono yote miwili, miisho miwili inaenda kwenye vile vitundu vya mvuto kwenye kila kabureta, unafungua skrubu ndogo unaweka nozeli. Kwenye kila mkono wa mpira ingiza kizuizi, sisi tulitumia ncha za kalamu za Bic zilizotolewa wino na kile kigololi cha mbele, tundu lake dogo linatosha. Bila kizuizi oili inarukaruka kwa kila pigo la pistoni na husomi kitu, na pande zikitofautiana sana injini inainywa. Weka oili, usiweke maji, maana ikitokea imenywa oili utapata moshi tu.

Kabla ya kupima mzee aliiendesha mpaka Tengeru na kurudi ili injini ipate moto kweli, moto wa kusimama gereji hautoshi. Kisha feni kubwa mbele ya silinda, hii injini inapozwa na hewa ya mwendo na ukiiacha inanguruma imesimama muda mrefu inachemka na kila unachosoma kinakuwa uongo.

Kwanza sailensi. Legeza waya za mafuta zote mbili ziwe na mchezo kidogo ili visahani vya ndani ya kabureta vikae juu ya skrubu za sailensi, visining'inie kwenye waya. Skrubu za mchanganyiko zote mzunguko mmoja. Washa. Oili ikapanda upande wa kulia. Inapopanda ndo upande wenye mvuto mkubwa, yaani kisahani chake kimefungwa zaidi ya mwenzake, kwahiyo unafungua hiyo kidogo au unafunga ile nyingine, robo ya robo, unasubiri, unatazama. Mzee mwenyewe ndo alikuwa anasoma ubao, "panda kidogo, panda, acha, hapo hapo." Zilipolingana sailensi ilikuwa 1200, tukazishusha zote mbili kwa pamoja mpaka kama 950. Kisha mchanganyiko, upande mmoja mmoja, unafunga polepole mpaka resi zianze kushuka, unafungua mpaka zifike juu kabisa na kuanza tena kushuka, unarudi katikati pale zilipokuwa juu. Kulia ilikaa robo tatu ya mzunguko, kushoto robo tatu na ushee. Ona sasa, skrubu moja ilikuwa mizunguko mitatu na nyingine sifuri, zimekutana zenyewe karibu sehemu moja bila kulazimishwa, na hapo ndo nilipojua kwamba magonjwa yote tumeyatoa. Baada ya mchanganyiko rudi kwenye ubao ulinganishe tena maana umebadilisha.

Kisha waya, na hapa ndo ule mtetemo wa resi 3000 ulipokuwa unakaa. Unaondoa mchezo kwenye waya mpaka visahani viinuke kwa wakati mmoja unapovuta mafuta, halafu unashikilia resi kama 2000 na kutazama ubao. Ikiwa oili imetulia kwenye sailensi lakini ukivuta inakimbilia upande mmoja, kosa liko kwenye urefu wa waya, usirudi kugusa skrubu za sailensi. Waya wa kushoto ulikuwa unaanza kuvuta nyuma ya mwenzake kwa kama milimita moja tu. Milimita hiyo moja ndo ilikuwa inamfanya mzee afike Moshi mikono imekufa ganzi. Tukaurekebisha, tukajaribu kuzungusha usukani kulia na kushoto injini ikiwa sailensi, resi hazikupanda, maana yake waya haujabana popote.

Mzee akaitoa. Nilisimama nikasikiliza mpaka ilipoishia, na ule mlio wa silinda mbili zinazopokezana kwa haki hauna mfano.

Lakini hatukuwa tumemaliza, sasa ndo ikawa zamu ya Arusha. Baada ya wiki ya kutembea plagi zote mbili zilikuwa na rangi moja, na zote zilikuwa nyeusi kidogo, na pikipiki ilikuwa nzito kidogo katikati ya mkono wa mafuta hasa ukipanda kuelekea Monduli. Pande zote sawa. Huo ndo mwinuko unaongea kwa sauti yake halisi, na ungekuwa huwezi kuusikia kabla kwasababu ya kelele za floti na mpira na choki. Hizi kabureta zenye slaidi ya mvuto zinajirekebisha kiasi kwasababu slaidi inapanda kulingana na hewa inayopita, lakini hazimalizi. Tukashusha sindano mkato mmoja pande zote mbili. Jeti kubwa hatukuigusa, mzee hatembei mkono wazi mpaka mwisho na sioni sababu ya kupunguza mafuta pale ambapo injini inapozwa na hewa peke yake.

Uzito ukaisha. Anapata kilomita 18 kwa lita, kwa njia hizihizi na mzigo uleule.

Na kuhusu Tanga, nadhani ilikuwa inakwenda vizuri kwasababu hewa nzito ya pwani ilikuwa inalingana kidogo na yale mafuta ya floti iliyozama, upande mmoja ukafidia mwingine akawa hasikii. Alipopanda huku fidia ikaondoka, na fundi akaanza kuzungusha.

Mzee anataka kurudi nayo Tanga kusalimia wajukuu. Safari ya siku mbili tatu haina shida kwa hiyo sindano, ila akikaa huko azirudishe zote mbili mkato mmoja juu, kazi ya kufungua kifuniko cha juu cha kila kabureta, skrubu nne, na bisibisi inayoenea sawasawa maana vichwa vya hizo skrubu ni laini. Kabla ya hapo, akivuta mafuta na mzigo kwenye mlima akasikia ule mlio wa kokoto ndani ya injini, apunguze, ashuke gia, na asiendelee kuibana. Na akinunua mafuta kituo asichokijua ausikilize mlio huo zaidi, petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaleta kokoto zilezile hata kama sindano iko sahihi. Nimemwandikia mkato wa sindano na nafasi ya skrubu zote kwa kalamu ya rangi chini ya kiti, kulia upande wa kulia na kushoto upande wa kushoto, ili fundi yeyote atakayeifungua huko ajue ilipoanzia.